Abiria Anayekanyaga Breki

Tangu ujana wake Philemon aliijua pikipiki kwa masikio. Ikinguruma, iko hai, ikinyamaza, imelala. Basi siku bintiye Quinter alipoleta nyumbani pikipiki ya umeme aliyopewa kazini, mzee aliizunguka, akaitegea sikio, akasema, "Hii imezimwa." Akashika usukani aisogeze kivulini, na kiganja kikasokota mkono wa mafuta kidogo kama kilivyozoea. Mafuta yenyewe yako wapi! Chuma kiliruka kama ndama aliyefunguliwa kamba, kikamburuta hadi kwenye banda la kuku, ingokho zikatawanyika mpaka kwa jirani.

"Pole, Baba!" Quinter alimwinua huku akiuma midomo asicheke. "Hii haipigangi kelele. Ukishuka, zima ufunguo kwanza."

Mamake, Namalwa, yeye hakuuma midomo. Alicheka hadi akakaa chini.

Philemon hakucheka. Kilichomuuma si goti, ni hofu. Alikuwa amebeba abiria kwa pikipiki mjini Kakamega miaka mingi, na alikuwa amezika wenzake. Sasa Jumatatu Quinter angeanza kazi ya kupelekea watu mizigo.

"Huingii barabarani na kitu kisicho na sauti," alisema. "Ng'ombe hatakusikia. Mtoto hatakusikia. Na mimi sina binti mwingine."

"Basi panda nyuma, Baba. Twende Lubao siku ya soko. Ukiona siwezi, nitairudisha, na kazi niiache."

Siku ya soko, jamani! Huyo mtoto ana kichwa kigumu, na pale nyumbani kila mtu alijua amekirithi kwa nani.

Philemon alikuwa hajawahi kubebwa na mtu kwenye pikipiki. Alivaa helmeti, akapanda, na kabla hawajafika mbali mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga hewa. Kona, anakanyaga. Tuta, anakanyaga.

"Baba, unakanyaga nini huko?"

"Breki."

"Za hii ziko mkononi. Na ni zangu."

"Angalia mbele, wewe!"

Lubao mifugo ilikuwa imejaa hadi kando ya lami. Philemon aliona fahali mwekundu akielekea barabarani, mwenye fahali amewapa mgongo, anapiga soga. Philemon akafungua mdomo apige ukemi. Lakini Quinter alikuwa ameshapunguza mwendo kitambo, vidole viko juu ya breki. Akapiga honi fupi, kisha akaita, "Mzee, niko nyuma yako!"

Mwenye fahali aligeuka, akavuta kamba. Fahali akavuka kwa madaha kana kwamba barabara ni yake. Quinter alingoja, mguu chini, hadi mkia ulipopita. Ndipo akasokota mkono polepole, wakaondoka bila kushtuka. Philemon akafunga mdomo.

Walipofika nyumbani, Quinter alizima ufunguo, akauchomoa, akasimama akimtazama babake. Alikuwa anangoja aambiwe kama airudishe. Namalwa akatoka jikoni, mwiko wa kusongea obusuma mkononi.

"Haya, Baba Quinter. Kwenda nimeona kwa macho yangu ulivyokuwa unarusha mguu. Kurudi je, ameendesha vipi?"

Philemon alivua helmeti taratibu, akafikiri kwelikweli.

"Kurudi? Mimi nitajuaje? Nilikuwa naangalia mahindi ya watu."