Maji ya Paa la Shangazi Verlena

Shangazi Verlena alipopanda boti kwenda Grenada kutolewa mtoto wa jicho, alimwachia jirani yake Eufine kazi moja tu.

"Mvua ya kwanza iache imwagike, ioshe paa. Vumbi la kiangazi na vinyesi vya ndege viende zao. Inayofuata ndiyo uielekeze kwenye tangi langu. Umenisikia, mwanangu?"

"Shangazi nawe! Kwani mimi nimehamia Carriacou jana?"

Kisiwani kwao hakuna mto. Kila mtu hunywa kilichoanguka juu ya paa lake.

Mvua ya kwanza ilimkuta Eufine bustanini akifunga nyanya. Alikuwa amekata vijiti na kuvianika mpaka vikakauka, visije vikachipua ardhini, na sasa alishikiza mashina kwa vipande vya shuka kuukuu, akiacha nafasi ya shina kunenepa. Kapu la kwanza la nyanya hizo alikuwa amemwahidi Mungu. Alipoona maji ya paa la Shangazi yakipotelea njiani, akageuza bomba la paa hilo likayamwaga kwenye mapipa yake ya bustani. Hapo hakukosea. Maji yale yalikuwa ya kutupwa.

Lakini mvua nyingine ilikuja, na nyingine tena, na bomba likabaki pale pale. Kila mara alijiambia atalirudisha akishajaza pipa moja zaidi. Nyanya ni za Bwana, alijisemea, kana kwamba Bwana ndiye aliyemwomba. Kisha mbingu zikafungwa, likabaki jua tupu.

Shangazi Verlena alirudi amevaa miwani myeusi. Alifunua tangi akashusha ndoo. Ilipanda na matope.

"Hee! Huku hakukunyesha?"

"Ilinyesha kidogo, Shangazi," Eufine alisema akitazama chini.

"Basi ndivyo Mungu alivyopenda. Pole kwa kuhangaika na bomba langu. Ona nyanya zako zilivyosimama, utadhani polisi wa gwaride! Una mkono wa kilimo, wewe."

Sifa hiyo ilimchoma Eufine kuliko tusi.

Daktari alikuwa amemkataza Shangazi kuinama na kubeba kitu kizito mpaka jicho lipone. Hata hivyo, kila asubuhi Eufine alimwona akipanda mlima na ndoo, akienda kuomba maji, mkono mmoja ukishikilia miwani. Mara mbili alitoka ili ampokee ndoo, na mara mbili akarudi ndani.

Jumapili alichuma nyanya, akajaza kapu, akapiga magoti jikoni. "Bwana, pokea," alianza. Maneno yakakwama. Alijaribu tena, akaona aibu kulitaja jina lile. Akaliacha kapu sakafuni, akaenda kwa jirani.

"Shangazi, mvua ilinyesha vizuri. Maji yako nilimwagilia nyanya."

Shangazi Verlena alivua miwani. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi.

"Yote?"

"Yote. Ile ya kwanza ulisema itupwe..."

"Usinihesabie ya kwanza! Eufine, mimi nimeomba maji kwa Dorlette. Dorlette! Hatujasalimiana tangu mbuzi wake walipokula mbaazi zangu. Nimemwambia 'tafadhali' kwa mdomo huu huu!"

"Nisamehe, Shangazi. Nyanya zilikuwa za madhabahuni."

"Kumbe mimi ndiye niliyetoa sadaka? Mbona sikuulizwa?"

Eufine alirudi kwake, akafunua tangi lake mwenyewe. Maji hayakufika hata nusu, na mapipa ya bustani yalikuwa yamekauka. Kengele ya kanisa ililia naye akiwa na ndoo kichwani. Alichota, akabeba, akamimina katika tangi la Shangazi, akarudi. Majani ya nyanya yalikuwa yameanza kulegea kwenye vifungo vyake. Alipita bila kuyagusa. Kati ya ndoo na ndoo akaona anaweza kusema neno moja, nirehemu, na akalisema njia nzima.

Shangazi Verlena alikuwa amekaa kizingitini, miwani usoni. Hakusema inatosha. Jua lilipokuwa utosini, Eufine alijikwaa, maji yakaruka.

"Tembea taratibu," Shangazi alisema. "Unamwaga maji yangu."

"Ndiyo, Shangazi," akasema, akaenda kuchota mengine.