Mlango wa Mninga

Mlango ulifika Kigwa siku ya Jumatano, saa nane mchana, juu ya guta, umefungwa kamba za katani na kufunikwa turubai la bluu. Makubaliano yalisema ungefika kabla ya Nane Nane. Sasa mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na karanga zilikuwa zimeanza kuchomoza. Levina, aliyeuagiza, akaupokea hivyo hivyo. Mtu aliyepigwa kalenda na fundi miezi mitatu, siku mzigo ukifika hugombana moyoni tu, fundi asije akanuna akageuza nao.

Makubaliano yenyewe yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari katika karakana ya fundi Yoramu, kule Mtendeni, Tabora mjini: mlango mmoja wa mninga mpya, bawaba nne, kitasa kimoja. Chini palikuwa na sahihi ya Levina, sahihi ya Yoramu, na muhuri uliosema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Levina aliyasoma maneno hayo akayaona ya kawaida. Alikuwa ameyakuta kwenye kila risiti aliyopewa maishani, hata ya sufuria.

Valentino, mumewe, alikuwa mstaafu wa gengi la reli, na kitu kipya hakukiamini mpaka akipapase. Alipitisha kidole juu ya ubao akakuta matundu ya misumari minene, yamezibwa kwa gundi na unga wa mbao.

"Fundi, ubao huu umeshafanya kazi mahali pengine," alisema.

"Mzee wangu, mninga ni mninga," Yoramu alijibu huku akikaza bawaba ya mwisho. "Hauozi, mchwa hawaugusi. Huu utatuzika sote."

Akanywa chai, akatafuna matobolwa matatu, akasifu utamu wa viazi vya Kigwa, akawahi kurudi mjini.

Jua lilipokuwa linatua, Levina alikuwa jikoni anachambua mchele. Akasikia hodi. "Karibuni, piteni ndani," akaitikia bila kuinua kichwa, kama ambavyo mtu yeyote wa Kigwa angeitikia. Kumuuliza mgeni yeye ni nani kabla hajakaa ni ushamba.

Wakapita watu thelathini na sita. Walikuwa wamefungwa kamba moja iliyotoka shingo hadi shingo. Wengine walibeba pembe za ndovu, wengine mafurushi, na wanawake wawili walikuwa na watoto mgongoni ambao mnyapara hakuwahesabu. Mnyapara wao aliingia mwisho, mwanamume mrefu mwenye fimbo na kikohozi kibaya. Waliamkia kwa Kinyamwezi cha zamani, kile ambacho Levina alikisikia kwa bibi yake tu, wakakaa sakafuni. Miguu yao iliacha vumbi jekundu, ingawa nje palikuwa na tope.

"Mnatoka wapi na mnakwenda wapi?" Valentino aliwauliza.

"Tunapelekwa pwani," alijibu mwanamke mmoja.

Levina akaongeza maji kwenye sufuria, kisha akatafuta sufuria kubwa zaidi. Unga wa wiki mbili uliisha kwa mlo mmoja. Walikula, wakashukuru, wakanywa ndoo tatu. Mnyapara akawahesabu kwa kugonga fimbo sakafuni, wakatokea mlango wa nyuma, wakashika njia inayoambaana na reli, kuelekea mashariki.

Kesho yake walikuja tena, na keshokutwa. Levina alijaribu kufunga komeo. Wakapiga hodi, wakangoja, wakapiga tena kwa upole, na ilipofika ya tatu aibu ikamshinda akaitikia. Asubuhi akampigia Yoramu simu.

"Mbao nilizitoa kwenye ghala la zamani lililobomolewa hapa mjini," Yoramu alisema, bila kuficha. "Mninga mpya umekuwa adimu, mama. Ila hao watu si wangu. Mimi nimekuuzia mlango."

"Basi njoo uuondoe."

"Nitakuja wiki ijayo. Lakini mzee asiguse bawaba. Mkiung'oa wenyewe, siwajibiki tena."

Kwa hiyo Valentino akairudisha bisibisi kabatini. Yoramu hakuja wiki hiyo wala iliyofuata. Kigwa nzima ilijua habari za wageni. Majirani walileta unga kidogo kidogo, mpaka nao wakachoka, maana kulisha msafara kila siku si mchezo.

Katika wiki ya tatu, yule mwanamke aliyejibu siku ya kwanza alishindwa kuinuka. Mnyapara alimwita mara moja, akakata kamba kwa kisu mbele na nyuma ya shingo yake, akaziunga ncha mbili, akamwacha ameegemea ukuta. Furushi lake la chumvi likabaki katikati ya sebule.

Valentino alikuwa mtu wa kusindikiza wageni. Hata mkusanya sadaka alikuwa akimsindikiza hadi barabarani. Aliona wageni wanaondoka na mzigo wao umesahaulika, akaona haya, akajitwika begani. "Nawafikisha relini tu," alimwambia mkewe. "Uniwekee maji ya kuoga."

Maji yalipoa. Mwanamke aliyeachwa alifariki mapema asubuhi, na kilichobaki pale ukutani kilikuwa vumbi jekundu lisilojaa ndoo. Levina alilizika nyuma ya nyumba. Katekista alikuja kusali, akauliza marehemu aombewe kwa jina gani. Levina akasema marehemu mwenyewe hakulikumbuka jina lake; alipomuuliza siku ya pili, alicheka tu kwa aibu. Wakamwombea hivyo hivyo.

Jioni Valentino alirudi. Alipitia mlango wa mbele pamoja na wenzake, wa kumi na nne kwenye kamba, na furushi la chumvi begani. Akakaa sakafuni. Levina alimwekea chakula mbele yake, akamuuliza kulikoni.

"Nimehesabiwa," alisema Valentino. "Tulipofika relini akahesabu, nikawa wa thelathini na sita. Zile karanga mmezipalilia?"

"Kata kamba hiyo, ubaki."

"Nikitoka lazima aingie mwingine. Nitamweka nani? Jirani?"

"Niweke mimi."

"Wewe ukienda, hawa watapikiwa na nani?"

Mnyapara akagonga fimbo, na Valentino akainuka na wengine. Usiku kucha Levina alilia, na asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani, akapanda basi la kwenda mahakamani.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo, Advera, alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua na mafaili mengi. Alimsikiliza Levina mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamuuliza anaomba nini.

"Naomba fundi achukue mlango wake, anirudishie mume wangu."

"Hayo ni maombi mawili," alisema hakimu, akayaandika kwenye mistari miwili.

Yoramu alijitetea vizuri. Alisema mlaji aliyepokea bidhaa akaitumia siku arobaini hawezi kugeuka na kuikataa. Mama huyu alipokea, na ushahidi upo: kila jioni alitamka karibuni, mbele ya watu thelathini na sita. Kuhusu mume, alisema alipopima fremu hakumpima mume, na wala makubaliano hayakumtaja.

"Mtu akibisha hodi wewe humkaribishi?" Levina alimuuliza.

"Namkaribisha, mama yangu," alijibu Yoramu kwa unyonge. "Ila mimi sina kesi."

Hakimu aliona ni vema mahakama iende kujionea. Ikafika Kigwa Alhamisi na gari la kukodi, yeye, karani na wazee wawili wa baraza. Mmoja wao alikuwa Mzee Mabruki, mshona makanzu wa mjini, aliyewahi kusikia kwa babu yake juu ya ghala lile na watu waliofungiwa humo, na tangu kesi ianze hakuwa na usingizi mzuri. Walikalishwa kwenye makochi. Hodi ilipopigwa, Levina akaitikia, na msafara ukaingia. Karani akawahesabu, akakubaliana na hesabu ya mnyapara.

Mnyapara aliapishwa. Alisema amepewa kazi ya kufikisha watu thelathini na sita pwani, na mali hiyo ikipungua njiani ni lazima aijazie. Hajawahi kupunguza hata mmoja. Huyu mzee alimkuta amebeba mzigo, na aliyebeba mzigo ameingia kazini.

"Mzee huyu alikuwa anasindikiza wageni," alisema Mzee Mabruki. "Kusindikiza si kazi. Na hao wengine nao, nani aliwauliza kama wanataka kwenda?"

Mnyapara alikohoa muda mrefu. "Mimi nilikabidhiwa tu," alisema.

Hakimu akaandika jibu hilo. Mzee Mabruki akawatazama watu waliokaa sakafuni, mmoja mmoja, akavua kofia yake akaiweka magotini.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma matatu, na Levina alishinda. Mahakama ilisema kukaribisha mgeni ni adabu na si kupokea bidhaa. Ilisema mninga wa ghala si mninga mpya, na mlango wa nyumba unatakiwa ufunguke kwenye nyumba hiyo na si penginepo. Mdai ana siku kumi na nne za kuurudisha mlango, naye mdaiwa atamtengenezea mwingine kwa gharama zake. Lakini kumpoteza mume ni hasara ambayo fundi hakuweza kuitazamia siku ya makubaliano, kwa hiyo haitalipwa. Na kazi ya mnyapara ilipangwa kabla mahakama haijaanzishwa, kwa hiyo mahakama haina mkono wa kuifikia. Mzee Mabruki alipinga kipengele hicho cha mwisho. Maoni yake yakaandikwa, na yakazidiwa.

Levina alisimama. "Mheshimiwa, nikiurudisha huo mlango, mume wangu atapitia wapi?"

Hakimu aliifungua tena hukumu akaisoma kipande, kama mtu anayetafuta ufunguo aliokwisha kujua kwamba haupo.

"Huwezi kurudisha mlango ukabaki na yale yanayopita humo," alisema. "Ukiurudisha, umerudisha vyote. Ukibaki nao, umeukubali na kasoro zake. Sheria inakupa nafasi ya kuchagua, mama. Nasikitika." Na alisikitika kweli. Alimsindikiza mpaka ngazini, jambo ambalo mahakimu hawalifanyi.

Siku zile kumi na nne zilimkata Levina maini. Asubuhi alikuwa akiishika bisibisi, akipiga hesabu za nyumba tulivu, chakula cha mtu mmoja na kitanda cha mtu mmoja. Jioni alikuwa akiirudisha kabatini, kwa sababu Valentino alikuwa amekaa palepale, amekonda, anamega ugali. Walipata kiasi cha nusu saa. Mwanzoni aliuliza habari za karanga na za ng'ombe wao mwekundu, na za padri kama alihamishwa. Siku ya tisa aliuliza kama wanafuga. Siku ya kumi na mbili alikula kimya, kamba imeshamtoboa ngozi ya shingo, na Levina alipompaka mafuta ya ng'ombe alishukuru kwa heshima sana.

Siku ya kumi na tano Yoramu alipiga simu. Alikuwa ameshatenga mbao za mlango mpya, mbichi, za mninga wa kweli kutoka msituni, na alitaka kujua kama azikate.

"Usizikate," alisema Levina.

"Basi umeridhika, mama?"

"Sijaridhika."

"Ila unabaki nao."

"Nabaki nao."

Yoramu akasema atazitumia kwa mteja mwingine, akamtakia siku njema. Hakuwa mtu mbaya. Mahakama ikafunga jalada.

Karanga zilivunwa na kina mama wa jumuiya, wakagawana na Levina, na nusu ya gunia lake ikaliwa na msafara. Kwaresima ikaja. Wawili wengine walibaki ukutani, mwanamume na msichana, wakazikwa nyuma ya nyumba. Mnyapara akawajazia kutoka mahali fulani njiani, hakuna aliyeuliza wapi. Levina alijifunza kupika haraka ili apate muda wa kukaa. Alikuwa akikaa mkekani karibu na mumewe, goti kwa goti, na kumsimulia mambo ya nyumbani hata kama hakuulizwa: bomba la kijiji limekatika, binti yao wa Igunga amepiga simu, dari inavuja.

Jumanne moja wakapiga hodi mapema kidogo, jua bado liko juu ya miembe. Levina akaitikia. Akatandika mkeka, akaleta bakuli la mlenda wa karanga aliloliandaa kando, kwa kuwa alijua mumewe anaupenda. Valentino aliweka furushi chini. Alimzidi mkewe miaka tisa, na katika ndoa yao ya miaka thelathini na mmoja ni Levina aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi. Akamtazama mwanamke aliyeinama mbele yake na bakuli, akaona ni mwenye nyumba, na kwamba ni mkarimu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Levina aliliweka bakuli mbele yake.

"Marahaba, baba," akamjibu, akaenda kumletea maji ya kunawa.