Kinasa Sauti cha Mzee Margwe

Daktari alisema kisanduku cha sauti cha baba lazima kitolewe, la sivyo uvimbe utamziba pumzi. Alisema kwa upole, karibu aombe radhi, na mimi nikamchukia bure tu. Baba alikuwa amebakiza siku chache za kuongea, tena kwa sauti inayokwaruza.

Kaka yangu Basili, mwalimu kule Gitting, hakulia. "Tekla," aliniambia, "tunanunua kinasa sauti."

Alichotaka kunasa ni slufay ya baba. Kwa asiye wa kwetu niseme hivi: slufay ni maombi marefu ya Kiiraqw, mmoja anasema na waliokaa naye wanaitikia kila mstari. Ya baba aliipokea kwa babu yake, na kijijini kwetu Masieda hakuna mwingine anayeijua hadi mwisho. Basili anajua mwanzo tu. Miaka yote tulimwambia tutajifunza, baba, likizo ijayo. Karibu na mwisho kuna mahali anapobariki watoto wake kwa majina, na nyumbani kwetu anayetajwa huitikia kwa nguvu kuliko wote, ili aonyeshe kwamba ameipokea baraka. Mahali hapo ndipo nilipopataka mimi. Mengine angejifunza Basili.

Mbulu mjini, tangu biashara ziachiwe huru, maduka yamejaa kila kitu kinachometameta, na nusu yake haimalizi mwaka. Godlisten, Mchagga mwenye duka la redio karibu na stendi, alituwekea mezani vinasa viwili vya kaseti. Kimoja kilikuwa na kipaza sauti kidogo chenye waya, cha kubana kwenye kola ya shati. Kingine kipaza sauti chake kilikuwa humo humo ndani.

"Mnamrekodi nani, mwalimu?"

"Baba yetu."

"Mzee mmoja? Basi chukueni hiki cha waya. Kinamsikia mwenye shati. Wengine hata wapige kelele, wanasikika kwa mbali."

Basili akanitazama, nami nikamtazama. "Hicho hapana," nikasema. Slufay bila waitikiaji ni nini? Ni mzee anayeongea peke yake njiani akitoka kilabuni. Nilimwona Godlisten ni mtu wa kuja tu, hajui mambo yetu.

"Hiki kingine kinasikia watu wote?" Basili akauliza.

"Wote. Tena kinajirekebisha chenyewe, huna haja ya kuhangaika na vitufe."

Tukakijaribu. Basili alisimama mlangoni, akanong'ona mstari wa kwanza wa slufay. Tuliposikiliza, alikuwa kama yupo sikioni mwangu. Nikacheka kwa furaha mle dukani. Tulijiona tuna akili sana siku ile.

Jumapili baada ya misa majirani walijaa nyumbani. Baba alikaa amejifunika blanketi, kinasa sauti kikiwa juu ya kigoda mbele yake. Akataja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kisha akaanza. Nasi tukaitikia. Kila mtu alijua kwamba hataitikia tena slufay hii, kwa hiyo watu waliitikia hadi bati likatetemeka. Nilipotajwa nilisimama kabisa. Sijawahi kupaza sauti vile, hata kanisani.

Ilipokwisha, Basili alirudisha mkanda mwanzo. Tukasikia baba akitaja jina lake, safi. "Imeingia," Basili akasema, watu wakapiga makofi. Akazima ili kuokoa betri, akavunja vile vipande vya plastiki nyuma ya kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake. Kesho yake tukampeleka baba hospitali.

Alirudi na tundu shingoni lenye kibomba, na pumzi inayopiga mluzi. Kuandika hajui, shule hakuipata. Tukaketi watatu tukawasha. Jina lake lilitoka, na la baba yake, na la babu yake. Kisha, mle kwenye mkanda, tukaitikia, na baada ya hapo baba akawa mtu anayenung'unika nyumba ya pili. Tukaitikia. Mnung'uniko. Tukaitikia. Basili akaongeza sauti, ikaongezeka ya waitikiaji.

Alikimbiza kaseti kwa Godlisten, nami nikamfuata. Godlisten alisikiliza kidogo, akavua kofia.

"Pole, mwalimu. Si nilisema kinajirekebisha? Sauti kubwa ikiingia, kinajiziba masikio. Mmeitikia kila mstari, kikakosa nafasi ya kuyazibua. Mngeniambia kuna watu wa kuitikia."

"Hakuna namna ya kuitoa?"

"Haimo, ndugu yangu. Nitaitoa wapi?"

Nilitaka kumtukana. Sikuwa na la kumtukania.

Nyumbani tulimweleza baba. Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alionyesha kwa kidole tuwashe tena. Ikafika tunapoitikia, nikaona midomo yake inacheza. Kwa kutusikia sisi alijua yeye yuko wapi, na alikuwa anaisema, yote, pumzi ikimtoka kwenye kibomba badala ya kinywani. Basili alipiga magoti mbele yake akijaribu kuisoma midomo ile. Alipata neno moja, akalipoteza, akapata lingine. Baadaye akaacha, akabaki amepiga magoti vile vile.

Karibu na mwisho baba aliinua mkono ili tusikilize. Akanigeukia. Midomo yake ilifanya kitu kifupi, nami nikainama kuelekea kwenye mashine, nimeshika pumzi.

Ikatoka sauti yangu, kubwa kuliko zote, ikipokea.