Chumvi Kiganjani

...na akiuliza kwa nini nafuta macho nitasema moshi, moshi wa kuni mbichi umeniingia machoni, maana lete mkono uonje, anasema Bi Haula, na mimi nimeuleta, kiganja juu, kama ninavyouleta kila shughuli, sufuria la mchuzi wa kuku linatokota, nyuma ya ua wenye harusi wanapiga vigelegele, na simu niliyoifunga kwenye pindo la leso inatetema tena, ni Chamima, binamu yangu, anataka jibu kabla ya adhuhuri, nafasi iko moja tu jikoni kwa kampuni, kule kambini kwa wafanyakazi wao, kontrato ya kusaini, uniforme ya kuvaa, gesi badala ya kuni, usiwe mjinga Atija, utamtumikia yule bibi mpaka mzeeke pamoja?... mjinga mwenyewe, hajui, hakuna anayejua, Bi Haula huyu wanayemgombea wenye harusi toka Palma mpaka Olumbi ulimi wake umekufa, tangu ile homa tuliporudi kutoka ukimbizini hasikii chumvi wala pilipili, ukimpa majivu atashukuru, na hajasema, na mimi sijasema, yeye huonja kwanza, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa madaha, kisha hunidondoshea mimi kiganjani, hakikisha tu, mwanangu, husema, nami huramba nikasema imekolea, bibi, hata mchuzi ukiwa bahari, akigeuka tu naongeza tui, au natia chumvi haraka haraka, ndio uongo wetu huo, naupenda kuliko kweli nyingi, sasa nikiondoka nani ataubeba, watu wataonja, watamcheka, yeye, mwanamke aliyeikimbia Palma siku ile mji ulipovamiwa kwa risasi akaacha dhahabu zake sandukuni akabeba sufuria, sufuria jamani! nikamuuliza njiani mbona sufuria, akasema dhahabu hailiwi, weye, shika upande huu, wala hakunijua, nilikuwa msichana tu niliyepotezana na mama yangu, nikashika upande ule na mpaka leo sijauachia... unanisikia lakini? anasema, namwambia nasikia, bibi, kumbe sisikii, anamsema jirani yetu Mshamu, mzee yule ana mdomo, weye, na ni kweli, wiki nzima amekuja asubuhi na bakuli lake, Bi Haula anampikia kisufuria chake peke yake, nikasema mapenzi hayo, nikacheka mpaka nikatukanwa, na kila asubuhi Mshamu analalamika, mara bahari, mara maji ya kisima, isipokuwa leo, leo ameramba bakuli akaenda zake kimya... ah, moto! mchuzi umedondoka kiganjani, napuliza, lakini yeye hakuonja, leo hakuonja kwanza, hakufumba macho, amenidondoshea tu na upawa ameushika juu, ananitazama, naramba, na imekolea. Imekolea kweli. Natafuta kasoro kwa ulimi, pembeni, nyuma, hakuna, sina cha kuongeza, na pale karibu na kopo la chumvi kuna kikombe cha kahawa chenye ufa, punje za chumvi zimeganda ukingoni, sijawahi kukiona jikoni, anapimia... wiki nzima anapimia, mapenzi gani, Mshamu alikuwa ulimi wa kuazima, basi anajua, anajua habari ya Chamima, simu hii imetetema wiki nzima, anajua na chumvi niliyokuwa nikiitia nyuma ya mgongo wake, mwanamke huyu, amejifunza kupika bila mimi ili nisipate sababu ya kubaki, na mimi ningefurahi, si ndicho nilichokitaka, mbona basi nimeumia hivi, nilitaka chumvi ipungue, Mungu wangu, kidogo tu, ipungue, nilitaka aniite mkaidi anifungie mlango nisitoke, na yeye ameufungua wazi kwa kikombe kibovu... nitakwenda, nimejua sasa hivi kwamba nitakwenda, nitavaa hiyo uniforme yao, nitapikia wageni wasionijua, na kila nikitia chumvi nitakuwa naangalia nyuma kama amegeuka, nampenda, sijawahi kumwambia nampenda... haya, sema basi, weye, imekolea? anasema, na sauti yake ina woga, yeye, woga, simu inatetema, vigelegele vimepanda, upawa bado uko juu na mkono wangu bado umenyooka, kiganja kimeshakauka, nami namwambia sijaisikia vizuri, bibi, nidondoshee tena.