Rangi Iliyokauka Juu

Watu wanadhani rangi ya meli ni rangi tu. Thubutu! Sisi wanawake wa kiwanda cha meli kisiwani Geoje tunaoingia na brashi ndani ya matangi ya meli ndio tunaoijua. Kopo la resini, yaani rangi yenyewe nzito, na kopo la kigumishi cha kuigandisha. Ukishavichanganya una saa chache tu, kisha inakuwa ngumu, maji ya chumvi yanaipiga miaka na miaka wala hayapenyi. Ikishakauka haina neno. Mbichi ndiyo balaa.

Geum-rye, niliyempokea kazini miaka kumi na saba iliyopita, mwili wake uliikataa mwaka jana. Macho yanavimba, shingo inawasha hadi inatoka damu. Daktari akamwambia mwili ukishaikataa ndiyo basi, maisha. Dawa hakuna, aache kazi. Aache aende wapi? Mumewe yuko kitandani, na kazi nyingine haijui.

"Dada, usimwambie msimamizi," akanisihi. "Akiuliza, sema nimeumwa na nyuki."

"Nyuki Februari hii, na baridi yote hii? Wa kwenye friji?"

Tulicheka. Halafu nikajifanya mjuzi, mimi kiongozi wa kundi. Nikamwambia asishike brashi tena, awe anapiga msasa palipokauka tu. Kukagua aniachie mimi.

Jumanne nilivua glavu, nikabonyeza ukuta wa tangi kwa kidole gumba. Haukunata.

"Pamekauka, ingia."

Akaingia bila kuuliza, kwa kuwa nimesema mimi.

Nilisahau baridi. Epoksi, rangi yetu hii, kwenye baridi hukauka juu, ndani ikabaki mbichi siku nyingi. Wageni nimewafundisha hilo mara ngapi, Mungu wangu! Alipopiga msasa, vumbi la rangi mbichi likapenya hadi ndani ya barakoa yake. Kufika saa ya chakula ameshikilia ngazi, anakohoa, uso umeumuka kama unga wenye hamira.

"Dada, uko wapi?"

Nilikuwa mbele yake.

Wakamkimbiza hospitali. Alasiri msimamizi akasema asirudi tena kazini, akanikabidhi mfuko wa plastiki: viatu vya Geum-rye, kikombe, kopo lake la kimchi, ile kabichi ya pilipili. Sikumtetea. Ningemtetea kwa lipi? Nikaupeleka hospitali, nikausukuma chini ya kitanda kimyakimya. Macho yake yalikuwa bado yamezibwa na uvimbe.

"Dada, kesho tunaanzia tangi gani?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"La tatu," nikasema.

"Basi unipitie saa kumi na mbili."

Nikasema sawa.