Kombi Ndefu ya Waimbaji wa Mamajusi

Ukuta ulipofika usawa wa kifua, Marilza aliacha masufuria kwenye karo, akafuta mikono kwenye aproni, akatoka uani. Mumewe, Adelmo, alikuwa amelala chali chini ya kombi, miguu tu ikionekana. Kwenye kiwanja cha jirani, fundi mwashi alikuwa akipanga matofali huku akipiga mluzi.

"Adelmo."

"Mm."

"Unauona huo ukuta?"

"Niko chini ya gari, mke wangu. Naona oili chafu tu."

"Basi toka utazame. Hili dubwana lako litapita wapi?"

Adelmo hakutoka. Spana iliendelea kugonga chuma, na Marilza akaelewa kwamba mumewe ameuona ukuta tangu tofali la kwanza, ila amenyamaza makusudi.

Haikuwa kombi ya kawaida. Zamani mtu fulani aliikata katikati, akaichomekea kipande cha zaidi ya mita moja, akaiongezea milango na viti, ikawa ndefu kama behewa. Kwa miaka mingi ilibeba waimbaji wa Mamajusi wa kijiji cha Córrego Manso, wale wazee wanaotoka mkesha wa Krismasi na akodiani, ngoma na bendera, wakipita shamba kwa shamba kwenye milima ya kahawa, wakiimba mlangoni mwa kila nyumba mpaka tarehe sita Januari, sikukuu ya Mamajusi. Dereva wao alikuwa Nivaldo, kaka yake Adelmo. Injini ilipokufa, waimbaji wakawa wanasafiri kwa magari ya kuombaomba, huyu huku, yule kule. Wengine walipotea njia, wengine walichoka, kundi likapukutika. Kisha Nivaldo naye akafariki.

Kipindi kilichofuata Marilza hapendi kukikumbuka. Adelmo, aliyekuwa ametoka tu kustaafu udereva wa malori ya kahawa, aliketi kwenye kiti cha sebuleni akaitazama televisheni iliyozimwa. Chakula alikigusa kwa ncha ya uma. Ukimsemesha alijibu kama mtu anayeongea kutoka chumba kingine. Suruali zilimpwaya. Marilza alikuwa akiamka kabla yake asubuhi na kumwangalia kifua, aone kama kinapanda na kushuka.

Aliyemwinua ni Belarmino, mpiga akodiani na kiongozi wa waimbaji, mzee mwenye masharubu ya njano kwa tumbaku na mdomo usiopumzika. Alikuja siku moja akasimama mlangoni bila hata kuvua kofia.

"Ile kombi ya marehemu nimeiona," alisema. "Iko shambani kwa Osvaldir, kule bondeni. Kuku wanataga ndani."

Adelmo aligeuza kichwa. "Kuku?"

"Na bata mmoja. Ameshika kiti cha mbele, kwa dereva. Anaendesha vibaya kuliko wewe."

Jioni ile Adelmo alirudi kutoka bondeni na manyoya ya kuku kwenye nywele, akakaa mezani, akauliza kama kuna maharage yaliyobaki. Marilza alimpakulia, akageukia jiko ili asionekane uso.

Kombi ililetwa kwa kuvutwa na trekta. Iliingilia kiwanja kitupu cha nyuma, kwa sababu geti lao la mbele lilifungukia uchochoro wenye kona kali kama kiwiko. Kombi ya kawaida hupinda pale kwa taabu. Hii hata ungeibembeleza isingepinda. Wakati huo kiwanja kilikuwa cha majani na mbuzi, na hakuna aliyewaza kwamba kingeuzwa.

Kazi ilichukua zaidi ya mwaka, kuanzia na injini, iliyofunguliwa yote ikafufuliwa. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukikanyaga unaona ardhi. Ugonjwa mkubwa zaidi ulikuwa kiunoni. Aliyeirefusha mwanzoni aliunganisha chesisi kwa vyuma vyembamba, na kwa miaka yote ile ya kubeba wazee na ngoma zao, gari lilikuwa limelegea katikati kama kitanda cha kamba. Milango ya kati ilikuwa haifunguki bila kupigwa teke. Adelmo aliinua kiuno kwa jeki kidogo kidogo, leo unywele mmoja, kesho mwingine, akipima kwa uzi alioufunga mbele na nyuma. Ulipokaa sawa, alichomelea mihimili minene ya chuma chini, kutoka ekseli hadi ekseli. Marilza alishona viti kwa ngozi bandia ya rangi ya divai na mapazia yenye maua. Belarmino alichonga rafu ya kubebea ngoma, akachonga na tundu la kusimamisha bendera karibu na dirisha. Mwisho walipiga rangi nyeupe juu na bluu chini, mtindo ambao watu wa kule huuita sketi na blauzi. Siku rangi ilipokauka Adelmo alizunguka gari mikono mgongoni, akasema, "Nivaldo angelalamikia hii bluu." Halafu akacheka peke yake.

Ila kiwanja kilikuwa kimeshauzwa. Aliyenunua na kujenga nyumba pembeni yake ni Dona Quitéria, muuguzi mkuu mstaafu wa wodi ya wazazi, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kuamrisha watu wasukume. Wiki ya kwanza tu ya kuhamia alikuja kwenye uzio Jumapili asubuhi, Adelmo akiwa anasaga chuma kwa grenda, cheche zinaruka.

"Bwana, leo watu wanapumzika."

Adelmo aliinua miwani. "Ukitaka utulivu kamili, dada, makaburini nafasi zipo."

Marilza alisikia akiwa dirishani, akafumba macho. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Adelmo akipita mbele ya nyumba ya jirani alinyoosha shingo kama bata mzinga. Kisha likaja lori la matofali, na ukuta ukaota.

"Nenda ukaongee naye," Marilza alimwambia ukuta ulipokwisha.

"Nikamwambie nini? Nimwombe abomoe nyumba?"

"Sijasema nyumba. Ukuta."

"Amejenga kwenye ardhi yake. Ana haki."

"Najua ana haki. Ndiyo maana nimesema ukaongee, sijasema ukapigane."

Adelmo hakwenda. Desemba iliingia na mvua zake. Belarmino alikuwa ameshawapitia wazee wote waliojitoa, akawaambia kombi imefufuka, na wengine walikuwa wanajaribu sauti zao bafuni. Kila akiuliza gari linatoka lini, Adelmo alijibu, "Bado kidogo." Akarudi kukaa kwenye kile kiti cha sebuleni. Hakukaa sana, lakini Marilza alikiona kiti kikiwa na mtu.

Asubuhi moja alitoka kuanika nguo akaona mstari wa chaki. Ulipita juu ya paa la kombi na kushuka ubavuni pande zote mbili, juu ya rangi mpya, mnyoofu kama wa mkasi wa fundi cherehani. Adelmo alikuwa amesimama pembeni na grenda mkononi, waya haujachomekwa bado.

"Hiyo chaki ni ya nini?"

"Nitaikata," alisema, bila kumtazama. "Vipande viwili. Kila kipande kitapita uchochoroni. Nitaviunganisha barabarani."

"Barabarani. Kwenye mvua."

"Nitaweka turubai."

"Adelmo, weka hiyo kitu chini."

"Marilza, mimi..."

"Weka chini. Usiichomeke mpaka nirudi."

Alifunga mkate wa mahindi uliokuwa bado wa moto kwenye kitambaa, akazunguka mtaa mzima mpaka mlango wa mbele wa Dona Quitéria, akagonga. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri. Mlango ulipofunguka akayasahau yote.

"Mume wangu anataka kuikata ile kombi," alisema.

Dona Quitéria alimtazama, akatazama mkate. "Ingia. Viatu acha hapo, nimepiga deki."

Alimkalisha jikoni, akammiminia kahawa, akakata jibini. Marilza alieleza: kaka aliyefariki, kiti cha sebuleni, wazee wanaojaribu sauti. Alisema hakuja kudai kitu. Alitaka tu kujua kama jirani angekubali waondoe kipande cha ukuta kwa siku moja, kisha wakijenge upya kwa mikono yao.

Dona Quitéria alisikiliza mpaka mwisho, akatafuna jibini taratibu. Kisha akasimama. "Njoo."

Walitoka uani kwake, wakapita bustani ya sukuma wiki, wakasimama mbele ya ukuta. Upande huu haukuwa umepigwa plasta. Katikati zilisimama nguzo mbili nene za zege, na kati yake matofali yalikuwa na rangi tofauti kidogo kwenye viungio. Dona Quitéria alichokoa kiungio kimoja kwa ukucha. Udongo ukamwagika.

"Ni matope," alisema. "Humo hamna saruji hata kijiko. Nguzo ni za geti. Fundi nilimwambia, niachie upana wa lile basi na kiganja kila upande. Akadhani nimechanganyikiwa."

Marilza aligusa tofali. Lilicheza.

"Lakini kwa nini hukusema?"

"Nimsemeshe nani? Mtu kanituma makaburini, nimfuate tena na habari njema mkononi? Mimi si kipofu, mwenzangu. Mchana kutwa naliona lile gari kutoka dirisha la jikoni. Nilimwona akiliinua, akalala chini, akainuka, akapima na kile kiuzi chake. Nikajisemea, huyu siku likiisha atakuja, na akija atakuta geti. Nimengoja. Akawa anapita hapa na shingo yake."

Marilza alitaka kucheka. Kicheko kikaanza vizuri, kikakatikia katikati, akajikuta ameegemea nguzo ya zege analia kwa sauti, machozi yakimwagika mpaka kwenye blauzi. Dona Quitéria hakumbembeleza. Alimwekea kiganja mgongoni kama alivyowawekea wengi kazini, akangoja yamalizike.

"Lakini aje mwenyewe," alisema baadaye. "Kwa miguu yake. Na Jumapili, grenda hapana mpaka misa itoke."

Adelmo aliposikia alikaa juu ya ndoo. Alichukua kitambaa kilicholowa na kuanza kufuta chaki, akafuta ubavu mmoja, akazunguka akafuta na mwingine. Kisha akaenda kuvaa shati la kanisani.

Dona Quitéria alimfungulia mlango.

"Nimekuja kuhusu makaburi," Adelmo alisema.

"Yamejaa?"

"Niliongea vibaya, dada yangu. Hukunikosea chochote. Nakuomba radhi, na nakuomba njia."

"Haya," alisema. "Kipande cha mkate wa mkeo bado kipo. Kaa unywe kahawa, halafu tuchomoe matofali."

Waliyachomoa kesho yake, Adelmo, Belarmino na wazee wengine wawili, wakiyapanga kando moja moja. Marilza ndiye aliyeshika usukani, maana alikuwa ameendesha kombi ya wanafunzi nusu ya maisha yake, na Adelmo alitaka kutembea pembeni atazame chini. Injini iliwaka kwa mkoromo wake wa zamani. Gari lilipita kati ya nguzo likibakiza kiganja kila upande, magurudumu ya mbele yakaingia bustanini, na hapo likakwama. Kati ya viwanja viwili kulikuwa na tuta la ardhi ambalo hakuna aliyelifikiria. Magurudumu ya mbele yalikuwa upande huu, ya nyuma upande ule, na tumbo refu limelala juu ya tuta. Chuma kikalia, mlio mrefu wa kusaga meno.

"Zima!" Belarmino alisema.

Marilza alizima. Adelmo alikuwa amesimama na mikono kichwani, uso umepauka. Uzito wote ulikuwa umekaa pale pale kiunoni, kwenye mihimili aliyoichomelea mwenyewe. Hakuthubutu kuinama atazame.

Marilza alishuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kati, ule uliokuwa ukipigwa teke, akashika kitasa, akavuta. Ukafunguka bila kusita. Akausukuma. Ukajifunga kwa mlio mdogo, laini, kama wa kabati zuri.

"Kiuno kimeshika," alisema.

Adelmo alikuja akaufungua mwenyewe, akaufunga. Akaufungua tena. Akaweka paji la uso juu ya bati la bluu, na mabega yake yakashuka, Marilza akaona yakishuka kweli, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Baada ya hapo mtanilipa sukuma wiki zangu," Dona Quitéria alisema kutoka ngazini, "lakini kwanza wekeni matofali chini ya magurudumu. Yako mengi."

Wakayapanga matofali ya ukuta kama njia, wakainua nyuma kwa jeki, gari likapanda, likateremka, likatoka barabarani likiwa na majani ya sukuma wiki kwenye bampa.

Mkesha wa Krismasi mvua ilikatika mchana. Wazee walikuja na kofia za maua ya karatasi, wakagombania dirisha kama watoto. Belarmino alisimamisha bendera kwenye tundu lake. Dona Quitéria, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwalika, alifika na kikapu cha jibini na jamu ngumu ya mapera, ile ya kukatwa vipande, akauliza kiti chake ni kipi.

"Wewe unaimba?" Belarmino aliuliza.

"Siimbi. Nasimamia."

Adelmo alikaa kwenye usukani. Kabla ya kuondoa gari alimtazama Marilza kwenye kioo. "Uko sawa huko nyuma?"

"Niko sawa. Twende."

Alikuwa ameketi kiti cha mwisho, ngoma miguuni, joto la injini likimpanda mgongoni. Barabara ilianza kupanda kati ya mibuni iliyolowa. Mbele, mumewe alikuwa akibishana na Belarmino kuhusu shamba la kuanzia, akipandisha sauti, akitafuna kipande cha jamu ya mapera. Marilza alitaka kusikiliza mpaka mwisho. Kabla hawajafika geti la shamba la kwanza, alikuwa ameshalala.