Mkasi wa Kondoo Kwenye Mapichi

Haya niliambiwa na 'Malineo mwenyewe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Lesotho, mwaka juzi tulipokaa tunapasua mapichi ya kukausha. Nayaandika kama alivyoyasema, isipokuwa pale alipocheka mno nikashindwa kumsikia.

Mama mkwe wake alifariki kabla baridi haijaanza. Mumewe, Tefo, alikuja kuzika akarudi migodini. Basi uani wakabaki 'Malineo, mtoto wake Lineo asiyejua bado kusema, na baba mkwe, Ntate Sekhonyana; 'ntate' kwetu ni baba. Na huku kwetu mke wa mwana hasemi na baba mkwe ana kwa ana, wala jina lake halitamki. Kwingine wamelegeza, kwa mzee huyu, hapana. Miaka yote marehemu ndiye aliyekuwa mjumbe wao. "Mwambie chakula tayari." "Mwambie nimesikia." Sasa mjumbe kaenda, na nyumba zao mbili zinatazamana kimya kama za watu waliogombana, na wala hawajagombana.

Ikafika Julai, mwezi wa kupogoa. Nyuma ya nyumba ipo mipichi mitatu, yote marehemu kaiotesha kwa kokwa. Kila mwaka yeye na 'Malineo waliipogoa pamoja, vidole vimekufa ganzi. Mapichi yake hukaushwa juu ya bati, na baridi ikija ndiyo utamu pekee anaochemshiwa mtoto.

Asubuhi moja 'Malineo anarudi bombani, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Akasikia kwach, kwach. Kuchungulia, ni mzee, blanketi begani, mkononi mkasi wa kunyolea kondoo. Maisha yake yote alikuwa mnyoa kondoo, tena hodari. Miti miwili kaimaliza: vijiti vyote vyekundu vya mwaka jana viko chini, yamebaki matawi makuukuu ya kijivu, safi kama kondoo aliyetoka kunyolewa.

'Malineo alishika kifua. Mpichi hauchanui kwenye tawi kuukuu. Huchanua kwenye kale kajiti kekundu. Miwili ile haitazaa mwaka huu, basi tena. Umebaki mmoja, ule mkubwa wa ukutani, na mzee ndio anaugeukia.

Alitaka kupiga kelele. Sauti ikafika kwenye meno ikarudi. Amtume nani? Mtoto kalala, na mimi siku hiyo nilikuwa kwa dada yangu. Mkasi ukafunguka. Pembeni kuku kishingo anaparura majivu.

"We kuku!" akasema kwa sauti. "We kuku kishingo! Hivyo vijiti vyekundu ndiko maua yanakotoka, hujui? Vikikatwa vyote, kiangazi tutakula nini? Majani?"

Mkasi ulisimama hewani.

Mzee hakugeuka. Alimkazia macho kuku, mpaka kuku naye akaacha kuparura.

"Kuku," akasema, "na mbona hukuyasema haya alfajiri? Ulikuwa wapi?"

"Kuku alikuwa kwenye foleni ya maji. Na kuku hakujua kama kuna watu wananyoa miti."

Mabega ya mzee yakatikisika. 'Malineo akajisemea moyoni, "Nimekwisha, leo narudishwa kwetu." Kumbe mzee anacheka.

"Kuku huyu ana mdomo! Marehemu alijua anafuga nini?" Kisha kicheko kikamwishia. "Sikiza, kuku. Nilimwona kila Julai anakata. Nikasema, isipokatwa, wapita njia watasema hata miti imefiwa. Lakini sikuwahi kumuuliza anakata kipi anaacha kipi. Nilikaa pale na kiko changu, namtazama tu."

'Malineo akamgeukia kuku tena.

"Kuku, ile miwili haijafa. Itachipua, mwaka wa pili itazaa. Huu uliobaki, lianze lile tawi la kijivu linaloziba katikati. Mpichi uwe wazi kama bakuli, jua liingie."

Mkasi haukuliweza tawi. 'Malineo akaenda kuuleta msumeno wa marehemu, akauweka juu ya jiwe, akarudi nyuma. Mzee akauchukua. Wakaendelea hivyo.

"Kuku, na hiki?"

"Kiache, kuku, hicho ni bakuli zima la mapichi!"

"Na hiki kinachokwenda mbinguni?"

"Hicho toa. Mbinguni nani atakichuma?"

Jua likashuka, kuku akaingia zake bandani. 'Malineo yuko jikoni anasonga papa, ugali wetu wa mahindi, akaona kivuli mlangoni. Mzee kasimama na karai tupu.

"Mwanangu," akasema. "Kuku amelala. Na leo barafu itaanguka. Vile vidonda vya mti navipaka nini?"

'Malineo aliinamisha macho.

"Samadi ya ng'ombe, Ntate, na udongo. Uchanganye laini kama uji."

"Si ya kondoo?"

"Ntate, kondoo kwa leo wametosha."

Akaenda kupaka kwa mkono wake mwenyewe, tawi kwa tawi, huku anacheka peke yake. Aliporudi alikula pale pale kizingitini, akaomba kuongezewa mboga, akaomba yeye mwenyewe. Kisha akaingia kwake. Lineo alikuwa ameshalala. 'Malineo akasikiliza mpaka mkoromo wa mzee ukaanza ng'ambo ya ua, akafukia makaa kwenye majivu, akajivuta blanketi mpaka kichwani, akalala.